Mwaka Tulipofuta Mfumo wa Bure

Nilikabidhiwa chumba cha kompyuta kwa sababu ya cheti cha miezi mitatu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Bunda, na mkuu wetu wa shule, mama mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, alikumbuka kwamba kabla ya chuo cha ualimu nilipitia kozi ya kompyuta Musoma.

"Wewe si ulisomaga mambo haya?" aliniuliza mbele ya walimu wote.

Nilichosoma Musoma ni kuandika barua, kupanga majedwali, na kuzima mashine bila kuchomoa waya ukutani. Lakini walimu wote walikuwa wananitazama. Nikasema ndiyo, mkuu, nilisoma.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kumi na mbili, zilizokwisha kutumika, msaada wa marafiki wa kanisa moja huko ng'ambo. Zilifika kwenye pikapu zikiwa zimefungwa mablanketi kama wagonjwa. Aliyekuja kuziunganisha alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Butiama, mtu wa kujitolea, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulishikiliwa kwa uzi. Alifanya kazi siku nzima huku anaongea, na jioni akaniita nizione zikiwaka. Nilitazama picha iliyotokea kwenye kioo. Sikuijua.

"Windows iko wapi?" nikauliza.

"Hizi hazina Windows, mwalimu. Zina Linux. Ni mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta."

Lazima nikiri hapa kwamba sikuwa nimewahi kufikiri kuwa kuna mfumo mwingine. Kwangu mimi kompyuta na Windows vilikuwa kitu kimoja, kama ng'ombe na ngozi yake. Sikujua kuwa unaweza kumchuna ukamvika nyingine na bado akasimama.

"Hii ni shilingi ngapi?"

"Hamlipii kitu."

"Ni ya bure, basi."

"Siyo bure tu. Ni huru." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Yeyote anaweza kuifungua akaona ilivyotengenezwa, akaibadilisha, akampa mwenzake, na hakuna wa kumkamata. Wazungu wana neno moja tu kwa bure na kwa huru, ndiyo maana kila siku wanaelekezana. Sisi tunayo mawili. Hatuna sababu ya kuchanganyikiwa."

Nikachanganyikiwa palepale.

"Aliyeitengeneza analipwa na nani?"

"Wako wanaolipwa, wako wasiolipwa."

"Hao wanaolipwa, wanalipwa na nani?"

"Na makampuni."

"Makampuni haya haya yanayouza vitu vya kompyuta?"

Alirudisha miwani usoni. "Mengine ndiyo," akasema, na akaanza kukusanya nyaya zake.

Aliniachia namba yake ya simu na daftari alilojaza mwandiko wa mkono. Kwa daftari lile nilijifunza usiku na kufundisha mchana, nikiwa mbele ya wanafunzi wangu kwa ukurasa mmoja, siku nyingine nusu ukurasa. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaanza, na mimi mwenyewe nikaanza kuuzoea ule mfumo. Haukugoma. Mashine zilikuwa kuukuu lakini zilikimbia.

Mwanafunzi aliyeushika kuliko mimi alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa wavuvi wa Kibara aliyekaa bweni. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akimaliza zoezi anainua uso kuniangalia, na nikichelewa kumpa jingine anajitungia lake. Siku moja alinionyesha programu ndogo aliyoandika ya kuwafundisha wa kidato cha kwanza jedwali la kuzidisha. Inauliza saba mara nane ni ngapi, ukikosea inakuandikia, "Bado, ndugu yangu. Rudi tena." Nilicheka. Hata mkuu alikuja akaijaribu, akakosea makusudi ili aitwe ndugu yangu.

Ndipo tukaalikwa Musoma. Shule moja ya huko ilikuwa imeandaa mashindano ya kompyuta kwa shule chache za mkoa: kila shule mwanafunzi mmoja, aonyeshe kazi yake, kisha apewe zoezi la dakika arobaini. Nilimpeleka yeye. Programu yake tuliiweka kwenye flashi, na flashi akaitia kwenye soksi kwa sababu sketi haikuwa na mfuko.

Chumba cha wenyeji wetu kilikuwa na mashine mpya zenye vioo vyembamba, na zote zilikuwa na Windows. Niliona hilo nikiwa mlangoni, na hata hapo sikuelewa maana yake. Nilidhani kompyuta ni kompyuta. Walimu tulitakiwa kubaki nje, nikasimama dirishani.

Alichomeka flashi. Alibonyeza. Kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza, akakifunga, akabonyeza tena, kikarudi. Msimamizi akaja, akainama, akatikisa kichwa. Nilisoma midomo yake: haifunguki. Basi akampa karatasi ya zoezi kama wengine: aandike barua na atengeneze jedwali. Mambo ambayo angeyafanya amesinzia.

Hakufanya. Aliweka mikono magotini akatulia. Dakika kumi, dakika ishirini. Wenzake wanagonga kibodi kama mvua juu ya bati, yeye anatazama kioo. Niligonga dirisha kidogo, hakugeuka. Muda ulipokwisha alikaa mpaka wote wametoka, akawa wa mwisho, amejifunga sweta kiunoni, uso umekauka.

"Vipi?" nikamwuliza.

Akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo kwa muda mrefu: "Mwalimu, ulinifundisha kompyuta gani?"

 Nikamwambia twende tukale. Tuliagiza sato wa kukaanga karibu na soko. Akamgeuza upande mmoja, akamgeuza wa pili, akamwacha. Tulirudi Bunda jioni ile.

Habari ilitutangulia. Katika mkutano wa wazazi uliofuata, mkulima mmoja wa pamba kutoka Guta alisimama, mtu mrefu mwenye sauti ya shambani. "Mimi nikipewa mbegu ya bure," alisema, "kwanza naulizaga, huyu anayenipa, yeye mwenyewe anapanda nini? Hizi kompyuta za bure, hao waliotupa wanatumia hizo hizo? Benki wanatumia hizo? Hospitali? Watoto wetu wataajiriwa wapi na kitu ambacho hakuna mtu anatumia?"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Sikuona kasoro kwenye maneno yake, na mpaka leo, nikiwa nayajua zaidi, bado sijui ningemjibu nini.

Mkuu aliniita ofisini. "Badilisha," akasema. "Weka ile ya watu."

Nilikuwa na binamu Musoma, mtoto wa shangazi yangu, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu. Nilimkuta amefungua mashine ya mteja, skrubu zimejaa kwenye kifuniko cha mafuta ya kupaka. Alinisikiliza kwa huruma iliyonikera.

"Dada, ulikubalije kupewa hiyo? Hiyo watu hawatumiagi. Hiyo ni ya mabingwa wa maabara."

"Windows inauzwa bei gani?"

Alicheka mpaka mteja akageuka. "Inauzwa? Nani ananunuaga Windows mkoa huu wa Mara? Ninayo hapa kwenye flashi. Nilipie nauli na soda, nitakuja Jumamosi nizipige zote."

Nakumbuka nikiwa nimesimama mlangoni pake, najaribu kulipanga jambo hili kichwani na haliingii. Mfumo uliotengenezwa utolewe bure tuliukataa kwa kuwa ni wa bure. Huu uliotengenezwa uuzwe, tulikuwa tunaupata kwa soda. Kama vyote viwili havilipiwi, nani atachagua asichokijua? Hapo niliona kwa nini yule wa Butiama hatashinda kamwe, ila nilishindwa kuona ni nani hasa aliyekuwa anashinda.

Binamu alikuja Jumamosi kweli. Mbili kati ya mashine kumi na mbili zilikataa kabisa, zikawa makopo. Kumi zilikubali, lakini kwa kunung'unika. Ulikuwa unaiwasha, unakwenda kuandika tarehe ubaoni, unaita majina ya darasa zima, unarudi, bado kiduara kinazunguka. Flashi za wanafunzi zikaleta virusi. Mafaili yakageuka vivuli visivyofunguka. Programu ya jedwali la kuzidisha ilifutika pamoja na kila kitu kilichokuwamo. Sikuwa nimefikiria kuitoa kwanza. Yule msichana hakuniuliza habari zake. Alifika kwenye vipindi, akafanya mazoezi ya barua na majedwali, akapata alama nzuri, na hakuinua tena uso kuomba zoezi jingine.

Yalipita majuma kadhaa, akatutembelea mama mmoja mzee wa lile kanisa lililotuma mashine. Aliwahi kufanya kazi mkoa huu akiwa kijana na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha taratibu. Mkuu alimwandalia chai, kisha tukampeleka kwenye chumba cha kompyuta. Alisimama mlangoni akatazama vioo.

"Mmebadilisha," akasema.

Mkuu akanitazama mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wazazi waliomba."

"Si vibaya. Mlinunua leseni?"

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, kama kikohozi. "Tulinunua, mama."

Yule mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu. Nikageuka. Mashine ya nyuma yangu ilikuwa imegeuka nyeusi kioo kizima, na chini pembeni kulikuwa na maandishi meupe ya kusema nakala hii si halali. Ya pili yake nayo ikawa nyeusi, tukiwa tunatazama.

 Alimshukuru mkuu kwa chai, akanishika mkono, akaondoka.

Mkuu alifunga mlango wa ofisi. "Umemwambia tulinunua. Tulinunua wapi?"

"Kwa binamu yangu."

"Ukampa nini?"

"Soda, mkuu. Na nauli."

"Kwa hiyo tumeiba?"

"Sijui, mkuu. Kila mtu anafanyaga hivyo."

"Kila mtu ndiyo nani?"

Nilitazama kompyuta iliyokuwa mezani pake. "Hata hiyo yako aliipiga yeye."

Mkuu wangu, ambaye nilikuwa nimemwona akimkemea mpaka afisa wa elimu, aliketi polepole na kuitazama mashine yake kama mtu aliyeambiwa kuwa kuku anayemfuga ni wa jirani.

Kesho yake alinipa ruhusa, nikaenda Butiama kumtafuta yule mtaalamu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilimkuta ofisini kwake, ameajiriwa na ofisi moja ya huko, na cha kwanza nilichokiona juu ya meza yake kilikuwa Windows.

"Kumbe na wewe?" nikasema, hata salamu sikumalizia.

"Kazini sichagui. Nyumbani natumia ile yangu." Aliona uso wangu. "Kaa, mwalimu."

Nilimweleza yote: Musoma, flashi, kile kisanduku cha maneno, mkutano, binamu, yule mama. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikulitegemea kwake. Nilipofika kwenye flashi alifumba macho.

"Hiyo programu ingefunguka," akasema. "Kuna kitu kidogo tu kilikuwa kinakosekana kwenye zile mashine zao, nacho ni cha bure. Kinakubali kokote, hata kwenye Windows. Ungenipigia simu siku ile, tungemaliza kwa dakika tano."

Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati nimesimama pale dirishani. Sikuwaza kabisa kupiga.

"Niazime hiyo simu," akasema, kana kwamba amenisikia. Nikampa. Aliingia mahali nisipowahi kuingia, akashuka chini, akanionyesha mstari wa herufi na tarakimu. "Unajua hapa chini kabisa kuna nini? Linux. Ile ile mliyoifuta. Binamu yako naye anayo kwenye simu yake. Wazazi wote waliopiga makofi, kama wana simu ya kugusa, wengi wao wanayo."

"Nani aliiweka?"

"Kampuni kubwa."

"Inaiuza?"

"Simu ndiyo inauzwa. Mfumo wenyewe..." Akavua miwani. "Ule wa chini ni huru. Wa juu yake ni wao. Wanautoa, halafu wanapata faida kwa njia nyingine."

"Basi nani kamshinda nani?"

"Nikikuambia najua, mwalimu, nitakudanganya."

Nilitegemea kwamba yeye angalau anajua. Nilirudi Bunda na simu mkononi, naitazama kama mgeni aliyelala kwangu miaka bila kujitambulisha.

Yule mtaalamu alikuja mara mbili kututengenezea. Zile mashine mbili zilizokufa zilifufuka kwa Linux, na pamoja na nne nyingine zikabaki nayo. Sita zilizosalia mkuu alikataa zifutwe. Kuhusu uhalali wake alisema atazungumza na bodi, na bodi ilizungumza miezi mingi. Mwishowe nakala halali zilinunuliwa kwa mashine tatu tu, na zile tatu nyingine zikafunikwa kitambaa. Nilimwandikia barua yule mama wa kanisa, nikamwambia kuwa nilisema uongo. Alijibu kwa mistari mitatu. Alisema anafurahi kwamba mashine zinafanya kazi, na hakugusa hilo la uongo, kiasi kwamba sijui kama alinisamehe au barua yangu hakuielewa.

Msichana wa Kibara alikwisha kumaliza kidato cha nne na kuondoka. Nilikutana naye miaka miwili baadaye, bila kutegemea. Nilikuwa nakwenda msibani Ukerewe, nikafika Kisorya nikakuta kivuko kimeshaondoka. Nikaingia kwenye duka la vifaa vya ofisi nitoe kopi ya kitambulisho, nikamkuta nyuma ya meza, anamjazia mtu fomu kwenye kompyuta, vidole vinakwenda bila yeye kuviangalia.

"Shikamoo mwalimu!" Alizunguka meza akaja kunishika mkono.

Tulikaa kwenye benchi la dukani tukisubiri kivuko. Mashine yake ilikuwa na Windows, halali, mwenye duka alinunua. Kwenye laptopu yake ya mitumba alikuwa ameweka Linux mwenyewe. Aliniambia hivyo kama mtu anavyokuambia ana jembe na ana panga. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia kwamba neno alilonitupia siku ile Musoma limenisumbua sana, na kwamba alikuwa na haki, nilimpeleka vitani bila silaha.

"Neno gani, mwalimu?"

"Ulinifundisha kompyuta gani."

Alikunja uso akitafuta. "Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ulipotoka."

Akainama, akacheka kidogo kwa aibu. "Mwalimu, mimi siku ile sikumbuki hata kompyuta. Ile ya flashi kukataa iliniuma, ndiyo. Lakini zoezi ningefanya, Windows nilikuwa nimeshaiona kwa mjomba. Nilikuwa nimeingia kwenye siku zangu pale pale kwenye kiti. Sketi yenyewe ilikuwa ya bluu hafifu. Nilikuwa naogopa hata kusogeza mguu. Nilikuwa naomba tu muda uishe, wote watoke."

 Niliona upya lile sweta kiunoni, na yule samaki ambaye hakuliwa. Mimi ni mwanamke. Nilisimama dirishani dakika arobaini nikimtazama mtoto wa kike, na kitu nilichokiona ni mfumo wa kompyuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umekasirika, mwalimu."

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naogopa. Lakini sikumwambia, kwa sababu kivuko kilikuwa kinaingia na watu walikuwa wanakimbilia foleni. Alinipa kopi yangu, akakataa malipo.

Kwa hiyo sijui tena niseme nini kuhusu mwaka ule. Tulifuta mfumo kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa na uhusiano na mfumo, ingawa flashi kweli ilikataa, na yule mzazi wa Guta kweli aliuliza swali la haki. Tulipata aibu kwa sababu tulifuta, ingawa wanafunzi wetu kadhaa leo wako maofisini na wanasema zile mashine tatu ziliwasaidia. Kila ninapojaribu kuweka lawama mahali fulani inateleza.

Mwaka huu shule imeahidiwa kompyuta mpya ishirini, na mfadhili anataka kujua ziwekwe mfumo gani. Mkuu aliniomba ukurasa mmoja wa ushauri. Nilikaa nao wiki nzima. Niliandika faida za Linux, nikafuta. Niliandika faida za Windows, nikafuta. Mwishoni niliandika kwamba naomba zote mbili katika kila mashine, mwalimu mmoja wa kunisaidia, na kabati lenye taulo za kike na sketi za akiba kwenye chumba cha kompyuta.

Mkuu aliusoma akiwa amesimama. "Mwalimu, hili si jibu," akasema. "Wameuliza mfumo."

"Najua, mkuu."

Aliusoma tena, safari hii ameketi. Kisha akavuta muhuri, akaugonga chini ya jina langu, akaniambia niupeleke posta kabla hawajafunga.